Nyumba za Mawe za Uskoti na Mapambo Yake

Katika mwaka 1535 Baraza la Uskoti, nchi iliyo kaskazini ya Uingereza, lilitoa sheria ambayo wazee wetu wangaliifahamu mara moja. Kila mwenye ardhi ya thamani ya paundi 100 aliamriwa kujenga boma la mawe na chokaa, kila upande futi 60, na ukuta wake upate futi 18 kwenda juu, ili yeye na watu waliolima ardhi yake, pamoja na mali zao, wapate kukimbilia humo siku za taabu. Akiona vema, aliweza kujenga mnara ndani ya boma, akae mwenyewe.

Basi, atakaye kuzielewa nyumba za wakuu wa Uskoti na aanze hapo, kwenye boma, wala asianze kwenye mapambo. Mnara ule ulikuwa nyumba iliyosimamishwa wima. Vyumba havikupangwa kando kwa kando, bali kimoja juu ya kingine. Chini palikuwa na ghala, na dari yake ilikuwa tao la mawe, kusudi isishike moto. Juu ya ghala ukumbi wa kulia na kupokea wageni, na juu zaidi vyumba vya kulala. Mlango mara nyingi ulikuwa mmoja tu, tena ulilindwa na lango la fito za chuma zilizopenyezwa, fito hii ndani ya ile, hata adui asiweze kuzing'oa upesi.

Lango la namna hiyo lingaliko Craigievar, katika wilaya ya Aberdeen. Nyumba hii ilimalizwa mwaka 1626 na William Forbes, naye hakuwa mtu wa vita, bali mfanya biashara aliyetajirika kwa kupeleka na kuleta bidhaa Danzig, bandari ambayo leo ni ya Poland na huitwa Gdańsk. Wakati ule mfalme wa Uskoti alikuwa ametawala Uingereza pia tangu mwaka 1603, na hofu ya vita vya mpakani ilikuwa imepungua. Labda msomaji atauliza, Kwa nini basi tajiri huyu alijenga mnara? Naona ni kwa sababu ya heshima: mkuu alijulikana kwa mnara wake. Lakini tazama alivyoujenga. Chini kuta ni tupu, na madirisha ni madogo. Huko juu, mahali ambapo ngazi ya adui haifiki, ndipo yalipowekwa mapambo yote: mawe ya kuchonga yaliyotokeza nje safu juu ya safu, na vijumba vya mviringo pembeni vyenye mapaa yaliyochongoka. Ni kama mtu aliyevaa kanzu isiyo na darizi, kisha akajifunga kilemba cha thamani.

Ndani, dari ya ukumbi ni ya lipu iliyojaa majani, ngao na nyuso za watu, na juu ya meko kuna nembo kubwa ya mfalme. Mapambo hayo yalitolewa kwa kalibu, na kalibu zizo hizo zilitumika katika nyumba za Glamis na Muchalls, kwa maana mafundi walitembea nazo nyumba kwa nyumba. Ngazini kuna maandishi ya mjukuu wa Forbes yanayomwonya mgeni asiwaamshe mbwa waliolala. Sijui kama wageni walicheka!

Si mbali na hapo, katika nyumba ya Crathes, iliyojengwa na ukoo wa Burnett kati ya mwaka 1553 na 1596, twaona pambo la namna nyingine. Boriti na mbao za dari zilipakwa rangi iliyochanganywa na gundi ya wanyama. Katika chumba kimoja wamechorwa mashujaa tisa, na kati yao wamo Yoshua na Daudi, pamoja na Aleksanda na Kaisari Yulio, wote wamevaa kama wakuu wa Ulaya. Baadaye desturi ikageuka. Watu wakaona michoro hiyo ni ya kizamani, wakaifunika kwa lipu. Ikakaa gizani mpaka karne ya 19, ilipofunuliwa tena. Waliodhani wanaificha ndio walioilinda na moshi na jua.

Huko Craigievar ulinzi ulileta hasara. Katika karne ya 20 kuta zake zilipakwa simenti, kwa kuwa ni ngumu kuliko chokaa. Lakini ukuta wa mawe hunywa maji ya mvua, na chokaa huyaacha yatoke tena kama pumzi; simenti huyafungia ndani. Unyevu ukazidi, hata kati ya mwaka 2007 na 2009 mafundi wakaibandua simenti yote, wakaipaka nyumba chokaa upya, yenye rangi ya waridi ambayo kwayo inajulikana.