Kutoka Bukoba Hadi Kamachumu, Njia ya Waliokataa

Kwa Mhaya, kibanja ni shamba, ni nyumba, na ni mahali walipozikwa wazee. Ndiyo sababu kanuni za kahawa za mwaka 1937, zilizowalazimisha wakulima wa Bukoba kutunza mibuni kwa amri ya serikali ya kikoloni, ziliwagusa pabaya. Klemens Kiiza, mmoja wa waasisi wa Bahaya Union ya 1924, alikuwa ameshawazoesha wakulima kukaa pamoja katika chama chao. Walikusanyika kwa wingi, wakakataa. Wakoloni waliita ghasia. Mimi naona watu waliolinda mlango wa nyumba yao.

Ukiiacha Bukoba kuelekea Muleba, ziwa likiwa kushoto kwako, unapita Kemondo, kisha Muhutwe, ndipo unapanda Kamachumu. Hapo Kamachumu, mwanzoni mwa miaka ya 1950, serikali ilikuwa na amri nyingine, ya kusafisha migomba kwa sababu ya fukusi. Mwanasiasa Ali Migeyo aliwahutubia watu waliokuja kuipinga. Polisi waliuvunja mkutano kwa mabomu ya machozi, na Migeyo akafungwa. Silaha ya umati ule ilikuwa masikio na kimya chao cha kukataa kutii.

Uhuru ulipokuja, Bunge liligeukia ardhi yenyewe. Sheria ya 1965 iliwafungulia watwarwa, yaani wapangaji wa mfumo wa nyarubanja, njia ya kumiliki vibanja walivyokuwa wakivilipia kodi kwa mabwana, na mwaka 1968 mfumo ule ukafikia mwisho wake. Nauheshimu sana uamuzi huo. Ila mzigo uliondolewa bila kutajwa waliousukuma.

Muhutwe ina habari yake. Katika mahakama ya mwanzo ya hapo alishtakiwa mwanamke aliyeuza mwaka 1988 ardhi aliyorithi kwa wosia wa baba yake. Ukoo ulidai kuwa kwa mila hana mamlaka hayo. Mwaka 1990, Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, alimpa haki kwa kutumia Katiba. Sheria za ardhi za 1999 zikaandika waziwazi kuwa mwanamke na mwanamume wana haki sawa ya kupata na kumiliki ardhi.

Mwaka 2015 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuwatunuku medali ya dhahabu waandamanaji wa Selma wa 1965, watu wa kawaida waliopigwa darajani wakidai kura. Sioni kwa nini Dodoma isipitishe azimio la namna hiyo kwa ajili ya Kamachumu, wakati wapo bado wajukuu wa kulisikia. Wabunge wa Bukoba na Muleba wana pa kuanzia: wasifu wa Migeyo, alioandika G. R. Mutahaba, umechapishwa tangu 1969, na hukumu ya Mwalusanya inasomwa katika vyuo vya sheria.