Ukoo wa London na Siri ya Matamshi

Katika miaka ya mwisho ya 1980, matabibu wa Taasisi ya Afya ya Mtoto mjini London walijulishwa habari za watoto wa ukoo mmoja, wakaao magharibi ya mji huo, ambao usemi wao ulikuwa mgumu kufahamika hata kwa waliowazoea. Walipochunguza nasaba yao waligundua kwamba taabu ile ilianzia kwa bibi, ikawapata wanne katika watoto wake watano, kisha ikashuka kwa wajukuu, waume kwa wake, wala haikumwingia mjukuu yeyote ila aliyezaliwa na mzazi mwenye taabu hiyo. Taarifa ilipotolewa mwaka 1990, kila ajuaye elimu ya urithi aliweza kukisia kwamba chanzo kilikuwa jeni moja tu. Ukoo ule, ambao kwa kuwahifadhi wenyewe ulipewa jina la KE, ulikubali kupimwa tena na tena kwa miaka mingi, na kwa maoni yangu hakuna mtaalamu aliyetoa mchango mkubwa kuliko wao katika jambo hili.

Mzozo ulizuka mara. Myrna Gopnik, mwanaisimu wa Chuo Kikuu cha McGill nchini Kanada, alishikilia kwamba kilichoharibika ni sarufi, kwa kuwa wagonjwa walikosea umoja na wingi na nyakati za vitenzi. Lakini Faraneh Vargha-Khadem na wenzake wa London walikataa, wakasema ila ile ni pana zaidi, nao walikuwa na ushahidi wa macho. Mgonjwa alipoambiwa apanue kinywa, kisha atoe ulimi, kisha afumbe midomo, yote kwa mfululizo mmoja, utaratibu ulimpotea, ijapokuwa misuli yake haikuwa dhaifu. Na alipotamkiwa neno la kubuni lisilo na maana ili alirudie, silabi zilimchanganyikia. Picha za ubongo nazo zilionyesha kwamba yale mafundo ya ndani yanayopanga mwendo wa viungo, hususan lile liitwalo kodeti, yalikuwa madogo kuliko ya ndugu zao wazima.

Huko Oxford, Simon Fisher na Anthony Monaco walikuwa wakiisaka jeni yenyewe, na mwaka 1998 waliifuatilia hadi katika kipande cha kromosomu ya 7, kipande ambacho jeni zake zilikuwa nyingi mno kuchunguzwa moja moja kwa haraka. Bahati ikawajia kwa njia ya kijana wa ukoo mwingine kabisa, mwenye taabu mfano wa ile, ambaye kromosomu yake ya 7 ilikuwa imekatika papo hapo na kubadilishana vipande na ya 5. Palipokatika ndipo ilipokuwamo jeni iliyotangazwa mwaka 2001 kwa jina la FOXP2. Na kwa wagonjwa wote wa ukoo wa KE herufi moja tu ya jeni hiyo ilikuwa imebadilika, ilhali ndugu zao wazima hawakuwa na badiliko hilo hata mmoja.

Magazeti yakaharakia kusema kwamba jeni ya lugha imepatikana, na hapo yaliidhulumu elimu. FOXP2 haikuumbwa kwa ajili ya usemi peke yake, maana imo hata katika mapafu, nayo ipo kwa panya na ndege pia. Protini yake ni mfano wa nyapara, huziamrisha jeni nyingine zifanye kazi au zinyamaze wakati seli za neva zinapokua na kuungana. Basi nyapara akipungukiwa nguvu, mikondo ya neva hujengwa kwa kasoro. Mwaka 2002 wataalamu wa Leipzig walionyesha kwamba protini hiyo kwa mwanadamu yatofautiana na ya sokwe kwa asidi amino mbili tu, na wengi wakadhani hapo ndipo usemi ulipozaliwa. Walakini mwaka 2007 mabadiliko yayo hayo yalikutwa katika mifupa ya Neandertali, na mwaka 2018 uchunguzi wa watu wa mataifa mengi zaidi ukaidhoofisha dhana kwamba yalienea kwetu karibuni.

Ushahidi ulio bora kwangu watoka kwa ndege mdogo wa Australia, mwenye mdomo mwekundu, ambaye dume lake hujifunza wimbo kwa kumsikiliza mkubwa wake. Huko Berlin, Constance Scharff na wenzake waliipunguza FOXP2 katika fundo la ubongo ambalo makinda hulitumia katika kujifunza, na mwaka 2007 wakatangaza matokeo: makinda yale yaliimba, lakini yaliuiga wimbo wa mwalimu nusu nusu, sauti nyingine yakaziacha, nyingine yakazitoa leo hivi na kesho vile. Miaka miwili baadaye, wale wa Leipzig waliwatia panya mabadiliko mawili ya kibinadamu. Watoto wa panya hao wakalia kwa sauti ya chini zaidi, na katika mafundo yale yale yaliyoonekana na kasoro kwa ukoo wa London, matawi ya seli zao za neva yakarefuka na viungio vyake vikawa vyepesi zaidi kubadilika.