Ndege za 1959 na swali la mdogo wangu: kusoma nje, lini na wapi?

Wiki mbili zilizopita mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, alinitumia ujumbe saa sita usiku. Yuko mwaka wa pili, anasoma biolojia. "Dada, nimepata nafasi ya muhula mmoja Ujerumani. Ila kuna mwalimu ananishauri nimalize kwanza hapa, halafu niombe uzamili China. Wewe unaonaje, niende wapi?"

Nilianza kuandika jibu nikafuta. Nikaandika tena, nikafuta. Mimi mwenyewe nilienda nje muhula mmoja nikiwa mwaka wa tatu. Nilisoma masomo manne na kufaulu yote, nikarudi nyumbani kifua mbele, halafu chuo changu kikaniambia masomo mawili kati ya yale manne hayalingani na ya kwao. Nikarudia, nimekaa darasani na wadogo zangu wa mwaka wa nyuma. Sijutii kwenda. Najutia kutouliza maswali kabla ya kupanda ndege.

Basi nikaamua kumjibu kwa kitu ninachokifahamu vizuri zaidi kuliko maisha yangu, yaani historia ya elimu ya juu ya hapa kwetu Afrika Mashariki. Jibu likawa refu kuliko ujumbe wa simu, ndiyo maana nimelileta hapa, na wewe usome.

Turudi miaka ya hamsini. Kijana wa Kenya, Uganda, Tanganyika au Zanzibar aliyetaka chuo kikuu alikuwa na mlango mmoja mkubwa: Makerere. Kilianza mwaka 1922 kama shule ya ufundi, na mwaka 1949 kikawa chuo kikuu kishiriki kilichofungamana na Chuo Kikuu cha London. Nafasi zilikuwa chache mno ukilinganisha na idadi ya waliofaulu sekondari. Kwenda ng'ambo kulikuwepo, lakini kwa mpangilio wa serikali ya kikoloni ilikuwa ni hatua ya baadaye: usome Makerere, ufanye kazi, na ukionekana unafaa, ndipo upelekwe Uingereza.

Mwalimu Nyerere alipita njia hiyo hiyo. Alisoma Makerere kuanzia 1943 hadi 1945, akafundisha Tabora miaka kadhaa, na alipofika Edinburgh mwaka 1949 alikuwa na miaka 27. Alirudi 1952. Baadaye alisema mwenyewe kwamba falsafa yake ya siasa aliijenga akiwa kule. Mimi nadhani umri ulichangia sana. Huyu alikuwa mtu aliyekwisha kusimama mbele ya wanafunzi na kushiriki mijadala ya chama cha Waafrika pale Tabora, kwa hiyo alifika Edinburgh akiwa na maswali yake mfukoni. Alipofungua vitabu vya uchumi na historia, alikuwa anatafuta kitu. Kijana wa miaka 19 naye angesoma vitabu vile vile na pengine kupata alama nzuri tu, ila sidhani kama angetoka navyo kwa namna ile.

Sasa, ukiishia hapo utasema, aha, kumbe kusubiri ndiyo dawa. Ngoja kwanza.

Mwaka 1959, Tom Mboya alikuwa na haraka. Mwenyewe alikuwa amekaa mwaka mmoja tu Oxford, katika chuo cha Ruskin, na hakuwa na shahada. Lakini hesabu yake ilikuwa rahisi. Uhuru unakuja. Siku utakapofika, nani atakaa kwenye ofisi za Waingereza? Kama kila kijana atasubiri zamu yake Makerere, halafu asubiri tena zamu ya Uingereza, nchi itapata bendera kabla ya kupata wahasibu, walimu na wakemia. Shahada ya kwanza Marekani huchukua miaka minne. Ukiondoka 1959, unarudi 1963.

Akaenda Marekani kutafuta msaada. Huko ikaundwa taasisi ya kusaidia wanafunzi wa Kiafrika, na kati ya waliochangisha fedha walikuwemo mchezaji wa besiboli Jackie Robinson, mwanamuziki Harry Belafonte na mwigizaji Sidney Poitier. Septemba 1959 ndege ya kukodi iliondoka Nairobi ikiwa na wanafunzi 81. Ufadhili wa masomo wengi walikuwa wameutafuta wenyewe kwa kuandika barua, moja baada ya nyingine, kwenda vyuo ambavyo hawajawahi kuviona hata kwenye picha. Kwa gharama zilizobaki, ndugu na majirani vijijini walichanga. Mwaka uliofuata Mboya alikutana na John F. Kennedy, wakati huo akiwa mgombea urais, na mfuko wa familia ya Kennedy ukatoa dola 100,000 kwa ajili ya safari ya 1960. Hadi 1963 walikuwa wameondoka karibu wanafunzi 800, wengi wao Wakenya, lakini wamo pia vijana wa Tanganyika, Uganda na kwingineko.

Serikali ya kikoloni haikufurahi. Ilisema vyuo vya Marekani ni vya kiwango cha chini, kwamba vijana hawa hawajaandaliwa, na kwamba safari zile zinaiharibia Makerere. Tusiwe wepesi kucheka. Kuna ukweli ndani ya hofu ile: vingi vilikuwa vyuo vidogo ambavyo hata Wamarekani wengi hawavijui, na kuna wanafunzi waliofika wakakuta ufadhili hautoshi, wakalazimika kufanya kazi za jikoni na mashambani ili wale. Ukiulizwa 1959 shahada ipi ina heshima Nairobi, ya London au ya chuo kidogo cha Kansas, jibu lilikuwa halina mjadala.

Lakini angalia kilichotokea. Desemba 1963 Kenya ikapata uhuru. Wale wa Kansas wakaanza kurudi katika nchi yenye viti vitupu kila ofisi na madarasa yasiyo na walimu. Shahada iliyodharauliwa siku ya kuondoka ikawa dhahabu siku ya kurudi. Vyeti vyenyewe havikubadilika hata herufi moja. Kilichobadilika ni nchi iliyokuwa ikivipokea.

Na gurudumu hilo lilizunguka upande wa pili pia. Wakati Mboya anapeleka vijana Magharibi, Oginga Odinga alikuwa anawapeleka Mashariki: Urusi ya Kisovieti, China, Ujerumani Mashariki. Wengi walitoka kimyakimya, wakapita Sudan hadi Cairo, ambako Wakenya walikuwa na ofisi yao, na kutoka hapo wakaendelea. Moscow ilikuwa imefungua mwaka 1960 Chuo Kikuu cha Urafiki wa Mataifa, ambacho 1961 kilipewa jina la Patrice Lumumba. Ada hakuna, posho ipo, mwaka wa kwanza unajifunza Kirusi tu. Kwa mtoto wa mkulima, hiyo ni ofa ya kukataa kweli? Mimi ningekwenda. Na mwaka 1961 kuwa mtu wa Odinga halikuwa jambo baya kwa kijana mwenye ndoto.

Shida ni kwamba masomo huchukua miaka. Mwaka 1966 Odinga alijiuzulu umakamu wa rais na kuanzisha chama cha upinzani. Aliyeondoka akiwa kijana wa matumaini sasa anarudi na cheti cha Moscow mkononi, na watu wanakiangalia kwa jicho la pembeni. Daktari ni daktari, mhandisi ni mhandisi, lakini ilibidi wajieleze mara mbili.

Umeona ninakoelekea, msomaji? Mahali unapachagua kwa bei ya leo, ila malipo unayapata kwa bei ya siku unayorudi. Ndiyo maana swali la "wapi" peke yake linanikera kidogo. Halijibiki mpaka useme unaondoka lini, unarudi lini, na unarudi kwa nani.

Mtu anayenisaidia zaidi kulielewa hili ni Wangari Maathai. Wengi tunamjua kwa miti na tuzo ya Nobeli ya 2004, tunasahau kwamba alikuwa mwanabiolojia. Alimaliza sekondari Loreto, Limuru, mwaka 1959, na Septemba 1960 akapanda ndege za Mboya akiwa na miaka 20. Chuo alichopelekwa kilikuwa kidogo, cha masista, huko Atchison, Kansas. Biolojia ndiyo lilikuwa somo lake kuu, pamoja na kemia na Kijerumani. Kijerumani! Ungekuwa mzazi wake ungemuuliza cha kazi gani. Kisha akaenda Pittsburgh kwa uzamili, na huko akajifunza kwa vitendo namna ya kuandaa tishu za wanyama ili zichunguzwe kwa hadubini.

Mwaka 1966 akarudi Nairobi. Alikuwa na barua ya ajira, kazi ya msaidizi wa utafiti katika chuo kikuu. Akafika, akaambiwa nafasi imeshapewa mtu mwingine. Ameandika katika kumbukumbu zake kwamba aliamini alinyimwa kwa sababu ya kabila na kwa sababu ni mwanamke. Fikiria hapo alipo: miaka zaidi ya mitano nje, nchi iko huru, wasomi wanatafutwa kwa tochi, na yeye amesimama nje ya mlango na barua yake.

Aliyemwokoa ni profesa Mjerumani, Reinhold Hofmann wa Chuo Kikuu cha Giessen, aliyekuwa Nairobi akianzisha idara ya anatomia ya mifugo. Alihitaji mtu mwenye ustadi ule ule wa tishu na hadubini. Mwaka 1967 Wangari akaenda Ujerumani, Giessen na Munich, kuendeleza utafiti wake. Kijerumani cha Kansas kikapata kazi. Akarudi 1969, akamalizia nyumbani, na 1971 akatunukiwa uzamivu Nairobi, mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati kufikia ngazi hiyo. Utafiti wenyewe ulihusu ukuaji wa viungo vya uzazi vya ng'ombe. Siyo mada ya kujivunia kwenye sherehe ya harusi.

Ninachokipenda kwenye safari ile ya pili ni jinsi ilivyotofautiana na ya kwanza. Akiwa na miaka 20 alikwenda alikopelekwa, akajifunza kila kilichokuwepo. Akiwa na miaka 27, umri ule ule wa Nyerere alipofika Edinburgh, alikwenda kutafuta kitu mahususi, akiwa na msimamizi anayemfahamu na kazi inayomsubiri nyumbani. Zote mbili zilikuwa na maana. Ila ukizipindua, uende Giessen kwanza bila lugha wala ustadi, unapata hasara.

Zama zetu si zile, najua. Leo hakuna anayekuwekea ndege Embakasi. Ila dunia bado inageuka ukiwa darasani. Waulize vijana wa Kiafrika waliokuwa wanasoma udaktari Ukraine Februari 2022, waliochagua nchi ya ada nafuu kwa akili timamu kabisa, halafu wakajikuta wanakimbilia mpakani na begi moja.

Kwa hiyo mdogo wangu nilimrudishia maswali badala ya jibu. Hayo masomo ya muhula wa Ujerumani, mkuu wa idara yako ameyakubali kwa maandishi? Siyo kwa mdomo, kwa maandishi, na saini. Huko kuna maabara inayofanya kitu usichoweza kukipata hapa, au unaenda kusikiliza mihadhara ile ile kwenye baridi? Ukirudi mwaka wa tatu, nani atakupokea na hicho ulichojifunza? Na ya China, ukiiacha mpaka umalize, umeshaangalia TCU kama shahada ya chuo hicho inatambuliwa?

Alikaa kimya siku mbili. Juzi akanitumia picha ya barua kutoka idarani: masomo matatu yamekubaliwa, moja limekataliwa. Chini yake ameandika: "Dada, la nne nitalisoma likizo. Makoti ya mitumba mazuri yanapatikana wapi, Karume au Ilala?"