Sakafu ya Nyumba ya Babu: Kutoka Chokaa hadi Saruji



Kila tukutanapo, iwe hapa Maskati au London, mazungumzo hayakosi kurejea kwenye nyumba ya marehemu babu yetu, Mji Mkongwe, Unguja. Mwaka huu inatupasa kuamua juu ya sakafu ya ghorofa yake ya juu. Kabla ya kura, nimeona ni wajibu wangu kueleza historia ya sakafu hizo, pamoja na kosa langu mwenyewe.

Neno sakafu limetokana na neno la Kiarabu saqf, yaani dari au paa. Si ajabu, kwani katika nyumba ya mawe dari ya aliye chini ndiyo sakafu ya aliye juu. Wazee walipanga boriti za mikoko, zilizoletwa kwa majahazi kutoka Rufiji na Lamu, ukuta hadi ukuta. Boriti haikuvuka sana mita 3, ndiyo sababu vyumba vyetu ni virefu na vyembamba. Juu yake yalilazwa mawe ya matumbawe, kisha kokoto na chokaa iliyochomwa kwenye tanuu. Watu wakajipanga na kuipiga kwa vigongo siku kadhaa, wakiimba ili mapigo yaende pamoja, mpaka ikashikana na kulainika.

Neno saruji nalo lina nasaba. Hapa Omani, saruji ya asili ni udongo uliochomwa na kusagwa, nao ndio uliozuia maji yasivuje katika mifereji ya falaj. Saruji ya viwandani tuijuayo leo ilipewa hataza mwaka 1824 na Joseph Aspdin, mwashi wa Leeds, Uingereza. Kwetu ilienea zaidi baada ya kiwanda cha Bamburi, Mombasa, kuanza kazi mwaka 1954, na cha Wazo Hill, Dar es Salaam, mwaka 1966. Ndipo zikashamiri sakafu nyekundu, zilizotiwa rangi ya unga na kupakwa nta. Nani kati yetu hamkumbuki bibi akisugua baraza kwa kumbi la nazi mpaka uso ukaonekana?

Mwaka 1989, nikiwa mtumishi kijana wa serikali, niliidhinisha ghorofa ya juu imwagiwe saruji nyekundu juu ya chokaa ya zamani. Ilimetameta, nami nikasifiwa. Sikujua kwamba chokaa hupumua na saruji haipumui. Maji ya mvua yalipenya kwenye nyufa, yakakosa njia ya kukauka, na boriti zikaoza taratibu chini ya mng'ao ule. Uzito nao ukazidi. Mwaka 1994 nilihama, nikawaachia wengine mzigo huo.

Sasa lipo pendekezo la kuweka saruji mpya na vigae. Naomba tusilikubali. Tuibandue saruji, tubadilishe boriti zilizooza, na turudishe chokaa. Kazi hiyo ni ya polepole na gharama yake si ndogo. Lakini Mji Mkongwe umo katika Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, na mafundi wa chokaa bado wapo. Mchango wangu utakuwa wa kwanza, kwa kuwa kosa lilikuwa langu.

Wabillahi tawfiq.