Nani Amnyonyeshe Mtoto: Maziwa ya Mama katika Makambi ya Lubumbashi

Lubumbashi, nchini Kongo, ilianzishwa mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville, na mwanzoni ilikuwa zaidi mji wa wanaume. Kampuni ya shaba ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, iliajiri vijana kwa mikataba mifupi, na maradhi na utoro viliwapunguza kila mara. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1920 ikageuza sera yake: mikataba ya miaka 3, ruhusa ya kuja na mke, na posho kwa mke na watoto. Hapo ndipo kunyonyesha kulipoingia katika hesabu za kampuni.

Vijijini, mtoto alinyonya miaka 2 hadi 3, na muda huo wazazi hawakulala pamoja, kwani iliaminika kwamba maziwa yangeharibika. Mama naye hakulea peke yake. Katika sehemu nyingi za Afrika, mama akifa au akiugua, bibi au mama mdogo alimpa mtoto titi lake. Mwili wenyewe unakubali: mtoto akinyonya mara kwa mara, tezi iliyo chini ya ubongo hutoa homoni ya prolaktini, na matiti yaliyokauka miaka mingi huweza kutoa maziwa tena. Mwaka 1956 jarida moja la tiba ya watoto lilichapisha habari za mabibi wa Afrika Kusini walionyonyesha wajukuu namna hiyo.

Watawala wa kikoloni wa Kibelgiji waliiona nafasi ndefu kati ya mtoto na mtoto kuwa hasara, kwa sababu walitaka watu wengi zaidi wa kufanya kazi. Mwanahistoria Nancy Rose Hunt ameonyesha jinsi kliniki za watoto na ugawaji wa maziwa nchini Kongo vilivyofungamana na nia hiyo. Ndani ya makambi ya wafanyakazi, sera ya kijamii ya Union Minière ilisimamiwa na Dk. Léopold Mottoulle, ambaye mwaka 1946 alichapisha maelezo ya miaka 20 ya utekelezaji wake. Siku ya kupima, akina mama walipanga foleni; mtoto alivuliwa nguo, akalazwa kwenye mizani, uzito wake ukaandikwa. Palikuwa na uji na maziwa ya ng'ombe, na mtoto aliyezoea chakula hicho aliachishwa ziwa mapema. Vifo vya watoto kambini vilipungua, na hilo ni jema lisilopaswa kufichwa. Lakini bibi alibaki kijijini, wageni walihitaji ruhusa ya kulala kambini, na mama akabaki na muuguzi.

Mwaka 1967 migodi ya Union Minière ikawa ya serikali, na kampuni baadaye ikaitwa Gécamines. Kampuni ilipoanguka katika miaka ya 1990, posho na matibabu vikakatika, na mzigo wa malezi ukarudi kwa ndugu. Wakati huohuo hofu mpya ilikuwa imeingia: tangu 1985 ilijulikana kwamba virusi vya UKIMWI huweza kupita katika maziwa. Hata hivyo, mkakati wa WHO na UNICEF wa mwaka 2003 bado unamtaja mnyonyeshaji mwingine mwenye afya miongoni mwa njia za kumlisha mtoto asiyeweza kupata ziwa la mamaye.

Ujuzi wa bibi umepata matumizi mapya katika familia zenye mama wawili, hasa Ulaya na Amerika. Aliyezaa na mwenzake hupokezana zamu ya kunyonyesha. Asiyezaa huanza miezi kadhaa kabla, kwa homoni na kukamua, na mtoto anapofika, mrija mwembamba hubandikwa kando ya chuchu ili apate maziwa ya ziada huku akiliamsha titi. Mwaka 2018 madaktari wa New York walieleza habari za mwanamke aliyebadili jinsia ambaye maziwa yake pekee yalimlisha mtoto kwa wiki 6.

Nchini Kongo, kifungu cha 40 cha Katiba ya 2006 kinataja ndoa ya watu wa jinsia tofauti. Mama wa pili katika nyumba ya wanawake wawili, hata akinyonyesha, hawezi kutambuliwa kuwa mzazi kwa njia ya ndoa.