Mabiringanya ya Sichuan Kabla na Baada ya Pilipili

Yuxiang qiezi, yaani mabiringanya yanayokaangwa kwa pilipili, tangawizi, kitunguu saumu, sukari na siki, ni chakula cha kawaida majumbani katika jimbo la Sichuan, kusini-magharibi mwa China, na ukali wake humfanya mlaji adhani kuwa kimekuwa hivyo tangu kale, ilhali biringanya liliitangulia pilipili nchini humo kwa zaidi ya miaka 1,600.

Mnamo mwaka 59 kabla ya Kristo, Wang Bao, mwandishi mzaliwa wa Sichuan, alitunga mkataba wa mzaha wa kununua mtumwa, na miongoni mwa kazi lukuki alizombebesha mtumwa huyo imo ile ya kuatika miche ya mabiringanya. Katika karne ya 6, Jia Sixie, mwandishi wa kitabu cha kilimo kiitwacho Qimin Yaoshu, alieleza namna ya kuyapika: yachaguliwe machanga ambayo mbegu zake hazijakomaa, yapasuliwe kwa kisu cha mwanzi au cha mfupa kwa kuwa chuma huyafanya yawe meusi, yachovywe katika maji yanayochemka ili kuondoa shombo, kisha yapikwe kwa mafuta, vitunguu vya majani na mchuzi wa soya, na mwishoni yatiwe tangawizi pamoja na huajiao, punje za kienyeji zinazotia ganzi ulimini. Baadhi ya viungo vya leo, basi, vilikuwa tayari vimo chunguni.

Pilipili, yenye asili ya bara la Amerika, ilitajwa na Gao Lian mwaka 1591 kama mmea wa kupendeza macho, na maandishi ya Sichuan yanaitaja kuanzia karne ya 18, wakati jimbo hilo, lililokuwa limepoteza watu wengi katika vita vya karne iliyotangulia, lilikuwa likijazwa na wahamiaji kutoka majimbo mengine. Hapo ndipo ilipokutana na ufundi wa kuchachusha, na eneo la Pixian, karibu na jiji la Chengdu, likapata sifa kwa doubanjiang, rojo ya maharage mapana na pilipili inayoachwa ichachuke kwa miezi au hata miaka.

Jina yuxiang humaanisha harufu ya samaki, ingawa samaki hamna: inasemekana mchanganyiko wa viungo vyake ulizoeleka katika kupika samaki, ukahamishiwa kwenye vyakula vingine. Ajabu ni kwamba shombo aliyohangaika Jia Sixie kuiondoa imerudi kuwa sifa, angalau kwa jina.

Kwa mpishi wa nyumbani, tatizo kubwa ni mafuta, kwa sababu nyama ya biringanya imejaa vitundu vya hewa vinavyoyafyonza upesi. Mikahawa huyazamisha mabiringanya katika mafuta mengi yaliyopata moto sana, lakini nyumbani wengi huyapika kwanza kwa mvuke, ambao huvifanya vitundu hivyo vinywee, ndipo doubanjiang ikaangwe hadi mafuta yawe mekundu, na siki itiwe mwishoni kabisa ili harufu yake isipotelee motoni.