Waya Uliokuwa na Akili

Wanaosimulia historia ya nyumba zinazojiendesha hupenda kuanza na maajabu. Watakutajia Jim Sutherland, injinia wa Westinghouse aliyejiundia kompyuta nyumbani kwake Pittsburgh mwaka 1966, au kompyuta ya jikoni ya Honeywell iliyotangazwa mwaka 1969 kwa dola 10,600 ili mama wa nyumbani atunzie humo mapishi. Haijulikani kama hata moja iliwahi kununuliwa, na sishangai: mpishi alitakiwa asome majibu kwa kutazama vitaa vinavyowaka na kuzimika huku vitunguu vikiungua.

Mimi ni fundi umeme wa Dar es Salaam. Kwangu historia hii inaanzia Glenrothes, mji mdogo wa Scotland, kwa sababu kilichobuniwa pale nimekifungua kwa bisibisi yangu.

Glenrothes palikuwa na kampuni iitwayo Pico Electronics, iliyoanzishwa mwaka 1970 na mainjinia waliotoka General Instrument. Walianza kwa kukibana kikokotoo kizima ndani ya chipu moja. Baada ya chipu kadhaa za namna hiyo wakashirikiana na BSR, kampuni ya Kiingereza iliyouza mashine za santuri kwa mamilioni, na mradi wao wa tisa ukawa mashine ya santuri inayopokea amri ya kuchagua wimbo. Sasa mtu akishazoea kuiamuru santuri, hachelewi kujiuliza kwa nini anyanyuke kwenda kuzima taa. Mradi wa kumi, mwaka 1975, ulilijibu swali hilo, na namba yake ndiyo ikabaki kuwa jina: X10. Kufikia 1978 vifaa hivyo vilikuwa vinauzwa Marekani kwenye maduka ya RadioShack na Sears.

Ufundi wote uko kwenye njia ya kupitishia amri. Wi-Fi haikuwepo. Kuchimba kuta za watu ili kupitisha nyaya mpya ni gharama ambayo hata leo mteja akiitajiwa anakuaga. Wakaona watumie waya ambao tayari umo ukutani, ule ule wa umeme.

Umeme wa nyumbani hupanda na kushuka, na kwetu unapita kwenye sifuri mara 100 kila sekunde. Pale kwenye sifuri ndipo waya unapotulia. X10 inapenyeza hapo ishara ya kilohezi 120, ya milisekunde moja tu. Ishara ikiwepo ni moja, isipokuwepo ni sifuri. Na kwa kuwa kila kifaa kilichochomekwa kinaiona sifuri hiyo kwa wakati mmoja, hakuna haja ya saa ya kuvipatanisha. Umeme wenyewe ndio saa. Ishara hurudiwa mara tatu katika kila nusu wimbi, ili fezi zote tatu zipate zamu yake. Amri moja kamili, kwa mfano "kifaa namba tatu, washa", inachukua karibu sekunde nzima. Ni polepole, lakini nani ana haraka ya taa ya barazani?

Kuna mzee mmoja wa Upanga aliyerudi kutoka Uingereza na boksi zima la vitu hivi. Aliniita akaniambia, "Fundi, hivi vimenitumikia Leicester tangu watoto wangu wadogo. Hebu niangalizie kama vitakubali hapa." Nikamjibu vitakubali, mzee, na sikuwa nambembeleza. Plagi za Waingereza zenye pini tatu za bapa ndizo soketi zetu zinazozijua, volti zinalingana, na hezi ni 50 huko na huku. Tuliirithi mifumo yao ya umeme, na kwa mara ya kwanza nikauona urithi huo una faida.

Kila kipokezi kina vidude viwili vya kuzungusha kwa bisibisi ndogo. Kimoja kina herufi A hadi P, ambayo ni herufi ya nyumba. Kingine kina namba 1 hadi 16, ambayo ni namba ya kifaa. Zidisha, unapata anwani 256. Vinatoka kiwandani vikiwa kwenye A, na watu wengi hawahangaiki kubadili. Ndiyo maana Wamarekani wana visa vingi vya taa kuwaka usiku zenyewe: jirani anayetumia transfoma hiyo hiyo, naye akiwa kwenye A, kabonyeza kitufe chake.

Kilichotusumbua Upanga hakikuwa jirani. Kipokezi cha taa kilitengenezwa kwa ajili ya balbu za zamani, zile za waya unaowaka. Kinaachia mkondo kidogo sana hata kikiwa kimezima, ili kijue mtu akigusa swichi ya taa. Balbu ya zamani haiuhisi mkondo huo. Balbu ya LED inauhisi, na inabaki inang'aa hafifu usiku kucha kama kimulimuli. Halafu chaja za simu na za kompyuta zinaimeza ishara, unabonyeza na hakuna kinachotokea, na wala kituma amri hakijui, kwa sababu X10 ya kawaida haina jibu. Inaagiza tu. Tulihamisha chaja, tukatafuta balbu za zamani kwa shida, mambo yakaenda.

Waliokuja baadaye walirekebisha kasoro hizo: Zensys ya Copenhagen na Z-Wave yake, Zigbee, na Insteon ya mwaka 2005, ambayo ilituma amri kwa waya na kwa redio pamoja. Lakini wengi waliiweka akili ya nyumba kwenye kompyuta za kampuni, mbali na nyumba. Mei 2016 kifaa kiitwacho Revolv kilizimiwa seva na walionunua wakabaki na kopo. Aprili 2022 seva za Insteon nazo zikanyamaza bila taarifa, hadi kikundi cha wateja wenyewe kilipoinunua kampuni. Ndiyo maana wapenzi wa mambo haya wanakimbilia Home Assistant, programu aliyoianzisha Paulus Schoutsen mwaka 2013, ambayo inakaa ndani ya nyumba yako.

Hapa kwetu, nyumba nyingi hazikuanza kupokea amri kwenye taa. Zilianzia kwenye mita. Friji hujizima yenyewe, sawa, na boya la tangi husimamisha pampu, lakini hivyo havipokei neno kutoka nje. LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla iliyoingia miaka ya 1990, ilipokea. Mfumo wake wa tokeni ulitoka Afrika Kusini, na haukuhitaji hata mtandao kuifikia mita: ujumbe ulifichwa ndani ya tarakimu 20, ukabebwa na mtu mwenye kikaratasi mkononi.

Kila tokeni ina muhuri wa dakika iliyotengenezwa, ili isitumike mara mbili. Dakika hizo zilihesabiwa tangu mwanzo wa 1993, na nafasi iliyotengwa inabeba dakika 16,777,216 basi. Zilikwisha tarehe 24 Novemba 2024. Ndiyo sababu mwaka ule ulinunua umeme ukaletewa makundi matatu ya tarakimu: mawili ya kubadili funguo za mita, la tatu ndilo lenye uniti. Nilizunguka nyumba za wateja wazee kuwaingizia, wengi wakidhani wametapeliwa. Hesabu mpya ya mfumo inaanzia 2014, kwa hiyo nafasi hiyo itajaa tena mwaka 2045, na vijana ninaowafundisha sasa ndio watakaogonga milango.